Usaili wa Ndani: Tuvae Nini Mbele ya Wanaotujua?

Na Mwandishi Wetu

Ndugu msomaji, utavaa nini mbele ya mtu ambaye jana jioni alikukuta sokoni ukichagua dagaa, na leo asubuhi mmekwisha kuamkiana getini?

Kwa mkazi wa mji mkubwa swali hili laweza kuonekana dogo, hata la kuchekesha. Lakini katika miji yetu ya pwani ya kusini, Kilwa Masoko, Kivinje, Somanga, Mchinga na hata Lindi yenyewe, ambako mtu hujulikana kwa mwendo wake kabla sura yake haijaonekana, swali hili limewakosesha usingizi watumishi wengi. Na si ajabu. Anayekwenda kusailiwa ugenini huvaa nguo yake nzuri kuliko zote, akaomba Mungu. Anayekwenda kusailiwa nyumbani kwake ana shida nyingine kabisa.

Usaili wa ndani, au intavyuu ya ndani kama wengi tunavyoiita, ni ule anaofanyiwa mtumishi aliyeko kazini anapoomba cheo kilicho juu yake au anapotaka kubadilishiwa kada. Tangazo hubandikwa ubaoni, maombi hupitia kwa mkuu wa idara, na baada ya majuma kadhaa barua huja ikitaja siku, saa na ukumbi. Ukumbi wenyewe mara nyingi ni kile kile chumba cha mikutano ulichowahi kukipangia viti, au ulimosinzia siku ya semina. Wajumbe wa kamati nao ni wale wale: ofisa utumishi aliyekuandikia barua ya likizo, mkuu wa idara aliyekukaripia mwezi uliopita kwa kuchelewa, na pengine mgeni mmoja kutoka mkoani. Mgeni huyo peke yake ndiye atakayekutazama kwa macho mapya. Wengine wote wamekwisha kukuvisha nguo vichwani mwao tangu zamani.

KARANI WA MASJALA

Mama mmoja, ambaye jina lake na la ofisi yake tunayahifadhi, amekuwa karani wa masjala katika mji mmoja wa pwani hiyo kwa miaka 14. Mshahara wa karani ni ule tunaoujua. Kwa hiyo kila asubuhi alikuwa akifika kazini na ndoo ya plastiki yenye vitumbua, ambavyo vilikwisha kabla ya saa nne. Wakubwa kwa wadogo walikuwa wateja wake, na baadhi yao wadeni wake. Kazini alivaa gauni la kawaida na juu yake akajitanda kanga, kwa kuwa masjala ina vumbi la majalada na kanga ndiyo iliyolilinda gauni. Kwa kujinyima, na kwa ruhusa za vipindi, alisoma katika tawi la Chuo cha Utumishi wa Umma lililoko Mtwara akapata cheti cha utunzaji wa kumbukumbu, kisha stashahada. Nafasi ya kusimamia masjala ilipotangazwa ofisini kwake aliomba, akaitwa.

Hapo ndipo taabu ilipoanza. Kwa siku nyingi, asema, hakuyawaza maswali bali aliiwaza kanga yake. Watu watano waliokuwa wamsaili walimjua kuwa ni mama wa vitumbua. Angefanya nini ili kwa nusu saa tu wamwone kuwa ni mtu anayeweza kukabidhiwa siri za ofisi nzima? Akampigia simu wifi yake aliyeko Dar es Salaam, naye akamtumia kwa basi suti nyeusi ya kike, sketi na koti, ambayo mwenyewe aliivaa akiwa mwembamba.

Usaili ulikuwa mwezi Februari. Msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa Februari ni nini: kaskazi imepiga miezi miwili, bahari imetulia kama mafuta, na hewa ya chumbani huweza kukamuliwa kama nguo iliyofuliwa. Koti lilikuwa la kitambaa kizito chenye bitana. Umeme ulikatika saa tano, pangaboi ikasimama. Sketi ilipanda kila alipoketi, naye akawa na kazi mbili kwa wakati mmoja, kujibu maswali na kuivuta sketi. Mjumbe mmoja, ambaye ni mteja wake wa siku nyingi na hakuwa na nia mbaya, alimwuliza kwa utani kama ana safari baada ya hapo. Wote wakacheka, naye akacheka pia. Swali lililofuata lilimtaka aitaje sheria inayosimamia utunzaji wa kumbukumbu za umma. Ni Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2002, ambayo nakala yake ilikuwa katika kabati lake mwenyewe. Jina la sheria likapotea kama sarafu iliyotumbukia kisimani.

Nafasi alipewa mwingine. Hatudai kwamba alikosa kwa ajili ya suti, maana aliyeipata alikuwa na sifa zake. Twasema tu kwamba siku ile mama huyu aliingia chumbani akiwa mgeni kwa wenzake na mgeni kwa nafsi yake, na hakuna aliyefaidika na ugeni huo.

KISIWA KILICHONUNULIWA KWA NGUO

Watu wa pwani hii wana sababu za kale za kuitazama nguo kwa makini. Tarikh ya Kilwa inasimulia kwamba Ali bin al-Hasan, anayetajwa kuwa mtawala wa kwanza wa nasaba ya Washirazi, alikinunua kisiwa cha Kilwa kwa nguo: mwenyeji wake alitaka apewe vitambaa vya kutosha kukizunguka kisiwa, naye akapewa. Wataalamu wa mambo ya kale hawakipokei kisa hiki kama kilivyo, kwani mji ulikuwapo kabla ya nasaba hiyo. Hata hivyo watu hawabuni kisa cha namna hiyo kama nguo kwao si kitu. Aidha, katika machimbo yaliyofanywa Kilwa Kisiwani na Neville Chittick katika miaka ya 1960, vilipatikana vipande vya vyungu vilivyochongwa duara na kutobolewa tundu katikati, ambavyo vilitumika kusokotea uzi. Maana yake ni kwamba wazee wetu hawakuwa wakingoja majahazi tu yawaletee cha kuvaa.

Kisha kuna habari ya Ibn Battuta, msafiri wa Morocco aliyefika Kilwa mwaka 1331, zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule anayehusishwa na jumba la Husuni Kubwa. Anaeleza kwamba siku moja ya Ijumaa, Sultani akitoka msikitini, fakiri mmoja kutoka Yemen alimsimamisha na kumwomba nguo alizozivaa mwilini, tena wakati ule ule. Sultani akarudi, akaingia katika nyumba ya khatibu, akabadili nguo na kumpa fakiri zile alizozitaka. Mwanawe alipoona hivyo alizikomboa nguo za baba yake kwa kumpa fakiri watumwa kumi, na Sultani, aliposikia jinsi watu walivyomsifu, akaongeza watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Kisa hiki husimuliwa kwa kumsifu Sultani. Mwandishi wa makala haya hawezi kukisoma bila kuwafikiria wale ishirini ambao walipimwa uzito na kanzu. Karne tano baadaye Kilwa Kivinje ilikuwa miongoni mwa bandari kuu za kusafirishia watumwa waliotolewa pande za Ziwa Nyasa, nao walifika pwani wakiwa na kipande cha merikani au kaniki kiunoni. Utumwa ulipopigwa marufuku, kisheria mwaka 1897 huko Unguja na mwaka 1922 Tanganyika, moja ya mambo ya kwanza yaliyofanywa na waliokuwa watumwa na watoto wao pwani nzima lilikuwa kuvua kaniki. Wanawake wakajifunga kanga za rangi na wakajifunika kichwa. Wanaume wakavaa kanzu na kofia ambazo zamani hawakuthubutu kuzivaa. Bibi zetu waliposisitiza kwamba mtu asitoke nje bila kujisitiri hawakuwa wakizungumzia urembo. Walikuwa wakikumbuka wakati ambapo nguo ndiyo iliyomtambulisha nani ni mtu wa nani.

Tumeyataja haya kwa sababu moja. Mtumishi wa Lindi au Kilwa anaposimama mbele ya kabati usiku wa kuamkia usaili, na akaona aibu kwamba anahangaikia nguo badala ya kusoma, asijilaumu mno. Hangaiko hilo lina ukoo mrefu.

KOTI LA BWANA FULANI

Turudi kwenye usaili. Wahenga walikwisha kutuonya juu ya nguo ya kuazima na jinsi isivyositiri, lakini hawakufika katika ofisi zetu. Katika mji mdogo nguo ya kuazima ina ubaya wa ziada, nao ni kwamba inajulikana. Tumesimuliwa habari ya kijana mmoja, fundi bomba, aliyeitwa kusailiwa kwa nafasi ya msimamizi wa mafundi, akaazima koti la kijivu kwa jirani yake mwalimu. Koti lile lilikuwa limehudhuria kila harusi na kila mahafali ya mtaa kwa miaka tisa. Alipoingia, wajumbe watatu kati ya wanne walimtazama yeye, wakatazama koti, wakatazamana. Mwenyekiti alikuwa mtu mwungwana na hakusema neno. Kijana mwenyewe ndiye aliyeona, na tangu hapo, asema, alijihisi kama mtu aliyeingia na mwalimu amembeba mgongoni.

Basi uvae nini? Kanuni ambayo maofisa utumishi wastaafu tuliozungumza nao walikubaliana nayo, ingawa kila mmoja aliieleza kwa namna yake, ni kwamba katika usaili wa ndani uvae kama mtu anayefanya vizuri kazi unayoiomba avaavyo siku ya kawaida ya kazi, wala usizidishe hapo. Mtazame anayeshikilia cheo kama hicho katika ofisi ya jirani. Kama huvaa shati safi lililochomekwa na suruali iliyonyooka, tai ya nini? Kama mkuu wa idara mwenyewe huvaa suti ya Kaunda, hutakosea kuvaa ya kwako, maana vazi hilo la mikono mifupi, lisilohitaji tai, ni rafiki mkubwa wa joto la pwani. Mwalimu Nyerere aliongoza nchi akionekana mara nyingi katika suti ya shingo iliyofungwa, bila tai, na hakuna aliyesema kwamba hakuvaa kikazi.

Jambo la pili, ambalo mwandishi analithamini kuliko la kwanza, ni kuanza mapema. Mtu akivaa kila siku fulana na ndala, halafu siku ya usaili akatokea amemeremeta kama bwana harusi, wenzake watayaona mabadiliko badala ya kumwona yeye. Anza majuma matatu kabla. Leo chomekea shati. Juma lijalo acha ndala nyumbani. Nguo utakayoivaa siku yenyewe ivae kazini angalau mara mbili kabla, ili wenzako wamalize utani wao, nawe ujue kama kola inakukaba na kama kifungo cha pili kina tabia ya kufunguka. Siku itakapofika hutakuwa na habari yoyote mpya mwilini mwako.

Kuhusu gharama, tuseme ukweli: nguo mpya ni mzigo kwa mfanyakazi. Wazee wanakumbuka miaka ya mwanzo ya 1980, nguo ilipokuwa adimu madukani hata mtu akapanga foleni kwa ajili ya kitambaa cha Urafiki, kiwanda kilichojengwa Dar es Salaam mwaka 1968 kwa msaada wa China. Biashara ilipolegezwa kuanzia mwaka 1984, mitumba ikamiminika, na watu wakaiita kafa Ulaya kwa dhana kwamba wenyewe wamekufa. Mitumba bado inatuvisha wengi na si aibu. Lakini ukichagua shati au suruali mnadani chukua iliyokuzidi kidogo kuliko inayokubana, kwani fundi cherehani wa barazani huweza kupunguza kitambaa ila hana uwezo wa kukiumba. Tazama kwapani na kwenye kola kabla ya kutazama rangi. Geuza ndani uone mishono. Kisha ifue mara mbili, maana harufu ya marobota ina ukaidi wake.

PASI, UDI NA MASHUA

Pamba, ndugu msomaji, pamba! Nguo za uzi wa viwandani zinazong'aa hazinyonyi jasho, na saa nne ya asubuhi ya Machi huonyesha ramani mgongoni ambayo mjumbe yeyote ataisoma. Rangi ya kijivu au samawati iliyopauka huonyesha jasho haraka. Nyeupe na bluu iliyoiva husitiri. Kwa miezi ya kusi, kuanzia Mei hivi, hewa hupoa na koti jepesi laweza kuvumilika. Anayetumia pasi ya mkaa aijaribu kwanza juu ya kitambaa kibovu, kwani chembe moja ya jivu iliyoangukia shati jeupe usiku wa manane hutia uchungu usio na mfano. Na apige pasi jioni wakati moto uko tayari, asingoje alfajiri.

Akina mama wa pwani hufukiza nguo kwa udi, na hakuna harufu iliyo nzuri kuliko hiyo. Ila chumba cha usaili ni kidogo na mara nyingine madirisha hufungwa. Fukiza usiku uliotangulia, utundike nguo mahali penye upepo, na asubuhi itabaki ile harufu ya mbali ambayo mtu huisikia unapopita. Shauri hili lawahusu pia akina baba wanaojimwagia marashi ya chupa.

Halafu kuna wale ambao barabara yao ni maji. Mwalimu wa Kilwa Kisiwani au Songo Mnara, muuguzi wa Songosongo, wote hawa wakiitwa kusailiwa Masoko huanza safari kwa chombo, na maji yakiwa yamekupwa sharti watembee ndani ya bahari hadi magotini kabla ya kupanda. Hao hawahitaji mwandishi kuwafundisha, lakini kwa ajili ya mgeni aliyehamishiwa visiwani juzi: usivae nguo yako ya usaili kwenye mashua. Ikunje kwa mikunjo mipana, uitie ndani ya mfuko usiopitisha maji na mfuko huo ndani ya begi, viatu juu yake, na wewe vuka ukiwa na kikoi au kanga. Beba kidumu cha maji ya baridi ya kunawia miguu, kwa maana chumvi ikikauka juu ya kiatu cheusi huacha mstari mweupe usiotoka kwa mate. Tafuta nyumba ya ndugu au rafiki Masoko ubadilishe hapo. Fika mapema; upepo hausomi barua za wito.

Anayetoka Kivinje au Nangurukuru kwa bodaboda naye avae koti la mvua au kanga juu ya nguo zake hata kama hakuna mvua.

MZIGO WA WANAWAKE

Katika jambo hili la mavazi, mwanamke hupimwa kwa mizani kali kuliko mwanamume. Si jambo la leo. Mnamo Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulipitisha azimio, na kuanzia tarehe 1 Januari 1969 ikaanza Operesheni Vijana, iliyopiga vita sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na dawa za kujichubua. Nia iliyotajwa ilikuwa kulinda utamaduni wa Taifa, na wako wengi walioiunga mkono kwa moyo safi. Lakini katika mitaa ya Dar es Salaam walioonja ukali wake zaidi walikuwa wasichana, wengi wao makarani na wapiga taipu waliokuwa wakienda kazini, ambao walizomewa na wengine kushikwa na kuvuliwa hadharani. Barua kwa wahariri zilijaa magazetini kwa miezi, wengine wakitetea, wengine wakiuliza kwa nini sketi iwe ya kigeni na suti isiwe ya kigeni. Swali hilo lilikuwa na haki ya kuulizwa.

Kwa watumishi wa umma mwongozo ulitolewa katika Waraka wa Watumishi wa Serikali Na. 3 wa mwaka 2007 kuhusu mavazi. Michoro yake imebandikwa katika milango ya ofisi nyingi za umma, ikionyesha yasiyotakiwa: nguo za kubana, fupi, zinazoonyesha mwili, kaptula, fulana na kadhalika. Yeyote anayejiandaa kwa usaili katika utumishi wa umma autazame mchoro huo kwa dakika moja, kisha asonge mbele na maisha yake. Haufai kumtia mtu hofu, na haukuandikwa kwa ajili ya wanawake peke yao.

Mwanamke wa pwani anayejifunga mtandio hana sababu ya kuuvua wala kuuomba radhi. Aufunge tu kwa pini, ili mikono iwe huru na asiwe wa kuurudisha kila anapoinama. Buibui juu ya gauni si kosa. Hina mikononi kwa ajili ya harusi ya Jumamosi iliyopita si kosa pia, na tunashangaa kwamba kuna aliyetuuliza. Dera tungeliacha nyumbani, kwa kuwa lina usingizi ndani yake. Aliye katika eda kwa kufiwa na mume, na akaitwa, aiandikie kamati mapema. Hilo halihusu tena nguo, nasi hatutaligusa zaidi ya hapo.

Lakini kuna onyo moja ambalo hutalipata katika kitabu chochote cha kigeni cha mambo ya kazi. Kanga husema! Mkiwa watatu mnaoshindania nafasi moja, na wewe ukatokea asubuhi ile umejitanda kanga yenye jina la kijembe, hata kama uliichukua gizani bila kusoma, ofisi nzima itakuwa imeisoma kabla hujafika ngazini. Wenzako watajua, au watadhani wanajua, ni nani aliyelengwa. Chagua yenye jina la dua au la shukrani, au uiache siku hiyo.

Kwa akina baba, swali linalofanana na hilo ni la Ijumaa. Maofisini kwetu kusini kanzu na kofia ya viua huonekana sana siku hiyo, na mwenyekiti wa kamati mwenyewe huenda akawa amevaa hivyo. Usaili ukiangukia Ijumaa asubuhi, muulize ofisa utumishi bila kuona haya. Akikubali, kanzu iwe imepigwa wanga na pindo lisiburure. Mwandishi ana maoni kwamba hakuna vazi linalomkalia vizuri mwanamume wa pwani kuliko hilo, lakini maoni ya mwandishi hayapandishi mtu cheo.

Waliozoea sare wana nafuu. Muuguzi anayetoka zamu ya usiku katika hospitali ya Kinyonga pale Kivinje anaweza kuingia na sare yake, mradi awe amebadili ile aliyoshindia. Fundi wa karakana au wa mitambo ya gesi aweza kuvaa ovaroli kama usaili umewekwa katikati ya zamu, lakini iwe iliyofuliwa, na kalamu na bisibisi zitoke mfukoni. Tumeambiwa na wasimamizi wawili kwamba huwa wanatazama kucha na viatu vya fundi zaidi ya kitu kingine. Viatu vya usalama vilivyofutwa vizuri huonyesha kwamba mtu huyu anatunza zana zake.

SAFARI YA PILI

Yule mama wa masjala aliitwa tena baada ya mwaka mmoja na nusu, aliyepata nafasi ile alipohamishwa. Safari hii alikuwa na fedha kidogo za upatu, zilizotosha kununulia suti mpya au sare za mtoto aliyekuwa akiingia kidato cha kwanza, si vyote viwili. Alinunua sare.

Kisha akatoa sandukuni gauni la kitenge aliloshonewa kwa ajili ya harusi ya mpwa wake, la rangi ya bluu iliyoiva na kahawia, akalipeleka kwa fundi barazani. Fundi akapunguza mapambo ya mabegani, akateremsha pindo, akaongeza mifuko miwili. Mifuko ndiyo aliyoitaka zaidi, kwani mikono yake imezoea kushika kitu na alijua kwamba itatafuta kanga. Akalivaa kazini Jumatatu moja. Wenzake wakamwuliza kuna nini. Akalivaa tena juma lililofuata, wasimwulize. Kwa majuma mawili alipokuwa masjala hakujitanda kanga, akawa akifuta vumbi la majalada kwa kitambaa kabla ya kuyashika, jambo ambalo, asema, lilipaswa kufanywa miaka yote.

Siku ya usaili alijifunga mtandio mweupe kwa pini mbili, akavaa viatu vyake vya kila siku vilivyowekwa visigino vipya, akaiacha ndoo nyumbani. Umeme ulikuwapo. Wajumbe walikuwa wale wale isipokuwa mmoja. Kabla ya swali la kwanza, mwenyekiti alifungua jalada lake, akamtazama juu ya miwani, akamwuliza vitumbua viko wapi leo. Mama akajibu kwamba vitumbua viko nyumbani, na kwamba mwenyekiti anadaiwa vya juma zima. Wakacheka, na safari hii yeye ndiye aliyewachekesha. Akatia mikono mifukoni kwa kitambo, akaitoa, akaiweka juu ya meza. Swali la tatu lilikuwa lile la sheria, akaitaja kwa jina na mwaka, akaendelea kueleza jinsi majalada ya siri yanavyotakiwa kuhifadhiwa na kwa nini kabati la ofisi yao halifai.

Barua ya uteuzi ilimfikia baada ya miezi miwili. Mwenyekiti alikwisha kulipa deni lake. Vitumbua sasa huletwa getini na mdogo wake, naye humaliza ndoo kabla ya saa tatu na nusu.